Yusuf bin Hasan: Mfalme aliyelelewa na mapadri kisha akawaua

Juu ya lango kuu la Ngomeni pana jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1639. Watalii hulipiga picha na kupita. Maandishi hayo yanamsifu kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na miaka 27. Yanaeleza alivyoijenga upya na alivyowatiisha watu wa Pwani waliokuwa wameasi chini ya mfalme dhalimu. Mfalme huyo hakutajwa jina.

Jina analo, tena analo mara mbili. Wazazi wake walimwita Yusuf bin Hasan. Wareno walimbatiza Dom Jerónimo Chingulia. Kwa majina hayo mawili ameishi katika kumbukumbu mbili zisizokutana. Kwenye baraza za Mji wa Kale anatajwa kuwa kijana aliyelipiza kisasi cha babake na kumng'oa Mreno ngomeni. Kwa Wakatoliki, wakiwemo wanaosali pale Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, yeye ndiye aliyewaua Mashahidi wa Mombasa mwaka 1631. Kutoka Ganjoni hadi Ngomeni ni mwendo mfupi wa miguu, lakini hadithi hizi mbili zimekaa mbalimbali kwa karibu miaka 400. Leo tuzisimulie kwa pamoja, maana maisha ya mtu huyu ni mamoja.

Tuanzie kwa babu yake. Mreno alipofika Pwani yetu mwaka 1498, Mombasa ilimkataa na Malindi ikampokea. Miji hii miwili ilikuwa na uhasama wa zamani, na kila mmoja ulitafuta wa kuusaidia. Mombasa ililipa gharama ya msimamo wake. Ilichomwa na kuporwa mwaka 1505, ikachomwa tena 1528, na mwaka 1589 ikapigwa na Wareno kwa upande mmoja na Wazimba kwa upande mwingine. Mji ulipolegea, sheikh wa Malindi, Ahmad, akapewa Mombasa na marafiki zake Wareno. Ukoo wake ukahamia kisiwani. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome kubwa juu ya mwamba wa bahari, kwa mchoro wa fundi wa Kiitalia, Giovanni Battista Cairati, wakaiita kwa jina la Yesu. Karibu na ngome ukakua mtaa wao, wenye njia kubwa inayofuata takriban mkondo wa Ndia Kuu ya leo. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino nao wakajenga nyumba yao ya watawa na kanisa mjini.

Kwa hivyo ukoo wa Yusuf haukuwa adui wa Mreno tangu mwanzo. Ulikuwa mshirika wake, na kiti cha Mombasa ulikipata kwa msaada wake. Lakini aliyekupa kiti huona ana haki ya kukuamuru namna ya kukikalia. Ahmad alipofariki, mwanawe Hasan akarithi ufalme pamoja na ugomvi. Makapteni wa ngome walikuwa watu wa kuja kwa miaka michache, na wengi wao hawakuwa na haja nyingine ila kujitajirisha kabla ya kuondoka. Sultani alistahili fungu lake la ushuru wa forodha, na fungu hilo likawa chanzo cha mizozo. Mambo yakachacha hadi mwaka 1614. Hasan, akiona maisha yake yamo hatarini, akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi kwa watu ambao Wareno waliwaita Wamosungulo, huko upande wa Rabai.

Huko ndiko alikouawa. Wareno waliwahonga waliompa hifadhi, nao wakamuua mgeni wao. Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India. Mfalme wa Mombasa, mwana wa mtu aliyekuwa rafiki yao mkubwa Pwani nzima, akaishia kuwa kichwa ndani ya chombo.

Yusuf alikuwa na umri wa karibu miaka saba. Naye akapelekwa Goa.

Hapa ndipo wasimulizi wengi hupita haraka, na hapa ndipo panapohitaji kutuliwa. Mtoto yatima alitolewa kwao na wale wale waliomwaga damu ya babake, akakabidhiwa kwa mapadri wa Agostino katika nyumba yao kubwa ya Goa. Mapadri wale walimlisha, wakamvika, wakamfundisha kusoma na kuandika Kireno, wakamfundisha sala. Hakuna sababu ya kudhani kuwa walimtesa. Yaelekea wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanamwokoa. Wakambatiza, na Yusuf akawa Jerónimo. Kama aliulizwa au hakuulizwa, mtoto aliye peke yake ng'ambo ya bahari hana jibu jingine la kutoa ila ndiyo.

Akakua. Akatumika katika vyombo vya kivita vya Wareno akiwa mpiga mizinga, akajua namna ya kuilenga, kuijaza baruti na kuilinda ngome inayozingirwa. Akaoa mke Mkristo. Akapewa heshima ya kuwa mwanachama wa Shirika la Kristo, daraja ambalo mabwana wa Kireno wenyewe walilitamani. Hatimaye watawala wa Goa wakaona wakati umefika wa kumrudisha kwao akiwa mfalme Mkristo wa Mombasa, Malindi na Pemba. Walitumaini kwamba kupitia kwake watu wake nao wangebatizwa. Yeye mwenyewe alimwandikia Papa Urbano VIII barua ya kumtii.

Fikiria siku aliyoshuka bandarini. Mji ulimngoja mwana wa Hasan. Aliyeshuka ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mavazi ya Kireno, jina la Kireno na mke wa Kikristo. Wazee waliomkumbuka babake wangemtazama vipi? Msikiti wa mababu zake ulikuwa wazi, naye hakuweza kuingia. Kanisani nako alikuwa na nafasi ya mbele, lakini waliokaa nyuma yake walimwona mweusi aliyevikwa taji kwa hisani yao. Kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, hakumpa heshima ya mfalme. Fungu la ushuru, dharau za hadharani, amri juu ya amri: yaliyomsibu Hasan yakaanza kumsibu mwanawe.

Ikatokea jambo ambalo Yusuf alilifanya kwa siri. Usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la babake, akiswali na kuomba dua kwa namna ya Kiislamu, kama inavyomstahiki mtoto kumfanyia mzazi. Mtu akamwona. Habari ikamfikia kapteni. Kwa sheria za Wareno wa wakati ule, Mkristo aliyebatizwa kisha akarudia Uislamu alikuwa na kosa la kuasi dini, na kosa hilo lilihukumiwa na mahakama ya kanisa kule Goa, mahakama iliyoogopwa kuliko zote. Gamboa akapanga kumkamata na kumsafirisha. Yusuf akapata fununu.

Alijua njia ya Goa inaishia wapi. Kichwa cha babake kilitangulia.

Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na wafuasi wake kama mtu aliyekuja kumzuru kapteni. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa alikuwa mfalme, rafiki na Mkristo mwenzao. Gamboa akauawa kwa upanga mwanzo kabisa. Mke wa kapteni na binti yake nao hawakusalimika. Ngome ambayo majeshi hayakuwahi kuiteka ikatekwa na mtu aliyefunguliwa mlango. Nje, nyumba za Wareno mjini zikatiwa moto. Siku ile Jerónimo akarudia jina lake, akawa Yusuf tena, na akautangaza Uislamu wake.

Laiti hadithi ingeishia kwa kapteni na askari wake, isingekuwa na utata mkubwa. Wakati ule watu waliuana kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na damu ya Hasan ilikuwa ikidai. Lakini Wareno wa mjini, na wake zao na watoto wao, walikimbilia katika nyumba ya mapadri wa Agostino. Pamoja nao walikimbilia Wakristo wenyeji. Hawa walikuwa watu weusi wa Pwani hii na waliooana nao, wengine huru na wengine watumwa, waliobatizwa katika miaka ile thelathini na ushei ya kuwapo kwa mapadri. Walikaa humo siku chache, wakizungukwa, chakula kikipungua.

Wakapewa chaguo: wasilimu wabaki hai, au wauawe.

Mapadri walikataa. Mmoja wao, Diogo da Mãe de Deus, anakumbukwa kwa jina, na alikuwa na wenzake. Hawa walikuwa ndugu wa shirika lile lile lililomlea Yusuf Goa. Kanzu zao zilikuwa zile zile alizoziona kila asubuhi utotoni mwake, na sala zao alizijua kwa moyo. Kama palikuwa na watu Mombasa ambao angeweza kuwaacha wapande chombo waende zao, ni hao. Waliuawa. Wanaume wa Kireno waliuawa, kisha wanawake na watoto. Wareno waliokufa, wakubwa kwa wadogo, walikaribia 150.

Miongoni mwa waliokataa alikuwamo Dom António wa Malindi. Huyu hakuwa Mreno. Alikuwa jamaa ya Yusuf mwenyewe, wa ukoo wa kifalme wa Malindi, aliyebatizwa kama yeye. Alikuwa na kila njia ya kunusurika: damu ya mfalme, rangi ya wenyeji na lugha ya mji. Ilikuwa atoe neno moja tu. Hakulitoa, akauawa pamoja na wengine. Na nyuma yake wapo Wakristo wenyeji wengi ambao kufa kwao hakukuwa na faida kwa mtu yeyote wala hasara kwa mfalme wa Ureno. Ukiwajumlisha hao na Wareno, waliouawa wanakaribia 300. Wengine waliobaki walipelekwa Arabuni utumwani.

Haya hayakutungwa na maadui wa Yusuf miaka mia baadaye. Mwaka uliofuata, 1632, kanisa la Goa liliwaita mashahidi walionusurika, wakaapa na kueleza waliyoyaona, kwa nia ya kuomba waliouawa watangazwe watakatifu. Ushahidi huo wa kiapo umehifadhiwa, na mwaka 1980 mwanahistoria Freeman-Grenville aliuchapisha kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba uliandikwa na upande mmoja, na msomaji mwangalifu atauchuja. Hata hivyo majina, mahali na mpangilio wa siku unaonekana ni wa watu waliokuwapo. Ombi lenyewe halikufika mwisho. Mashahidi wa Mombasa hawajatangazwa watakatifu mpaka leo.

Turudi kwa Yusuf. Alijua Goa itakuja. Januari 1632 merikebu zikatokea, zikiongozwa na Francisco de Moura. Mpiga mizinga aliyefunzwa na Wareno akawangoja ndani ya ngome iliyojengwa na Wareno, na mizinga ya Wareno. Walimzingira hadi mwezi wa Machi. Hawakuweza. Wakaondoka na majeruhi wao, wakiacha vyombo vichache vya kulinda mlango wa bandari. Kwa mara ya kwanza tangu 1593 kisiwa cha Mvita kilikuwa hakina bwana wa Kireno, na walioshangilia walikuwa na haki ya kushangilia.

Ila ushindi ule ulikuwa na miguu mifupi. Mwezi wa Mei 1632 Yusuf alikinyakua chombo kimojawapo cha Wareno, akabomoa alichoweza kukibomoa ngomeni, akapakia mizinga na watu wake, akatweka. Wareno waliporudi mwezi wa Agosti mwaka huo huo waliikuta ngome tupu, wakaingia bila kupigana. Mfalme alikuwa ameuacha mji wake.

Miaka yake iliyobaki ilikuwa ya baharini. Alizunguka baina ya Pwani, visiwa vya Komoro, Madagaska na Arabuni, akiziandama merikebu za Wareno kila alipoweza, akitafuta msaada wa kurudi. Hakurudi tena. Karibu mwaka 1638 aliuawa katika Bahari ya Shamu, si kwa mkono wa Mreno, kwa mkono wa maharamia. Alikuwa na umri wa miaka kama 31. Kati ya hiyo, mingi aliimaliza Goa na baharini. Mombasa, mji anaotajwa nao, aliishi utotoni na kisha miaka michache tu ya ufalme.

Na waliobaki nyuma? Hapa ndipo lile jiwe la langoni linapokuwa na maana. Cabreira anajisifu kwamba aliwaadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta zao, akawapiga Wamosungulo, na kule Pemba akawaua viongozi na wakubwa wa mji. Miji mingine ya Pwani ikarudishwa kulipa kodi. Deni la Yusuf lililipwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona. Ukoo wa Malindi nao ukapoteza kiti moja kwa moja. Wareno hawakumweka tena sultani Mombasa. Ikabidi watu wa Pwani wangoje zaidi ya miaka sitini, mpaka jeshi la Oman lilipoizingira ngome tangu Machi 1696 na kuiteka Desemba 1698.

Sasa ndugu msomaji, tumwiteje mtu huyu? Shujaa? Alithubutu ambacho hakuna aliyethubutu, na aliyoyafanyiwa yeye na babake ni dhuluma isiyo na mjadala. Muuaji? Watoto walichinjwa kwa amri yake, na watu wasio na silaha waliulizwa dini yao kabla ya kufa. Yote mawili ni kweli. Wala ukweli wa kwanza haufuti wa pili.

Jambo moja linaonekana wazi ukiyatazama maisha yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Yusuf alichukuliwa mtoto, akavishwa dini bila hiari, na alipotaka kuivua akatishiwa kifo. Alipopata nguvu aliwafanyia wengine vile vile: aliwataka wavae dini bila hiari, na waliokataa akawaua. Waliomlea walimfundisha mizinga na sala. Walimfundisha pia, kwa mfano wao, kwamba imani ya mtu yaweza kuamuliwa na mwenye ngome. Somo hilo la tatu ndilo alilolishika zaidi. Waislamu tunajua, na masheikh wetu wanalisema kila siku, kuwa dini haina kulazimishana. Wakristo nao watasema hivyo hivyo kuhusu ubatizo wa mateka. Mwaka 1614 na mwaka 1631 jambo hilo lilivunjwa na watu waliodai kuzitetea dini zenyewe.

Wapo watakaosema kwamba kuwakumbuka mapadri wale ni kumtetea mkoloni. Haifuati hivyo. Dom António wa Malindi hakuwa mkoloni. Wenyeji waliokufa ndani ya nyumba ile ya watawa walikuwa watu wa kisiwa hiki, kama walivyokuwa wale wa Pemba waliouawa na Cabreira baadaye. Wapo pia watakaosema kwamba kueleza dhuluma aliyotendewa Yusuf ni kuhalalisha mauaji. Hilo nalo halifuati. Mtu aweza kulia kwa ajili ya mtoto wa miaka saba aliyepandishwa jahazi la Goa, na akawalilia watoto waliokufa Agosti ya 1631, kwa macho yale yale.

Kila wiki watoto wa shule hupangwa foleni chini ya lile jiwe kabla ya kuingia kutazama mizinga. Huambiwa ngome ilijengwa lini na iliwahi kuwa jela. Wanastahili kuambiwa zaidi. Waambiwe mfalme asiyetajwa jina pale juu ni nani, babake aliuawa vipi, na yeye alilelewa na nani. Kisha watajiwe jina la Diogo da Mãe de Deus na jina la António wa Malindi, na waambiwe kwamba nyuma ya majina hayo mawili wapo watu wengi wa Mombasa waliokufa bila mtu kuwaandikia jiwe.